UZI: Ukiwa na ndugu mwenye ulemavu Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa, unaanzia wapi?

Baba wa Uyole (mleta uzi)

Wanajukwaa, heshima zenu. Ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa swali hilihili na watu watatu wasiofahamiana, ndiyo maana nimeona niliandikie mahali ambapo wengi watalisoma na wanaonizidi ujuzi watanisahihisha. Wawili kati yao walikuwa wameshapanda basi hadi Dar es Salaam kutafuta huduma ambayo hatua yake ya kwanza ilikuwa kwa mtendaji wa mtaa wao, umbali wa kutembea kwa miguu. Mimi si daktari wala mwanasheria. Ni mzazi wa binti wa miaka 11 mwenye mtindio wa ubongo, na ninachokijua nimekipata kwenye mabenchi ya maofisi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Binti alipofikisha miaka 3 bila kuweza kukaa peke yake, nyumbani tulikuwa na wazo moja tu, nalo ni kiti mwendo. Tuliomba kanisani, tukaomba kwa viongozi, na baada ya miezi saba tukakipata, kipya kabisa, cha mtu mzima. Mtoto akawa anazama ndani yake kama aliyeketishwa kwenye beseni. Tukamwekea mito, mito ikawa inahama, na mwaka ulipokwisha mgongo wake ulikuwa umeanza kuinamia upande mmoja. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, aliyemwona baadaye hakutugombeza, ila aliuliza ni nani aliyempima. Hakuna aliyempima. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo mwaka 2008, na humo kumpima mtumiaji, kumrekebishia kiti na kumfundisha namna ya kukitumia ni sehemu ya huduma sawasawa na kiti chenyewe. Sisi tulipewa chuma na magurudumu. Kwa hiyo ninapoulizwa "nitapata wapi kiti," siku hizi huuliza kwanza kama mgonjwa ameshaonwa na mtu wa fiziotherapia, na mara nyingi jibu ni hapana.

Mara ya pili tulikwenda kwa utaratibu. Mtendaji wa mtaa au wa kijiji huandika barua ya utambulisho, na ni vizuri barua hiyo itaje aina ya ulemavu na iseme waziwazi mnaomba nini, kwa sababu barua inayosema tu "naomba asaidiwe" huzungushwa hadi ichakae. Barua hupelekwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Huyu ndiye mlango wenyewe: ndiye mwenye orodha ya watu wenye ulemavu, ndiye anayemwombea msamaha wa gharama hospitalini asiyekuwa na uwezo, na vifaa saidizi vinapoletwa yeye ndiye hupata taarifa mapema. Wengi humruka wakaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye huandika kwenye kona ya barua kwamba Afisa Ustawi ashughulikie, nao wakarudi palepale wakiwa wameshapoteza wiki mbili na nauli.

Kwa upande wa tiba, fuateni ngazi za rufaa kuanzia zahanati hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ndugu zetu wa Njombe wana Ilembula ya KKKT na Ikonda ya Wakonsolata kule Makete. Iringa wana hospitali yao ya rufaa ya mkoa na Tosamaganga. Si kila hospitali ina kila mtaalamu, na kliniki za mifupa na za watoto mara nyingi huwa na siku yake maalumu, hivyo ulizeni siku kabla ya kufunga safari. Kufika Jumatano kwa kliniki ya Jumatatu, mkiwa mmembeba mtoto wa kilo 20 mgongoni, ni adhabu nisiyomtakia mtu.

Jambo ambalo hakuna ofisi itakayowaambia ni kutunza jalada lenu wenyewe. Shemeji yangu wa Vwawa alikuwa ameshaandikishwa na kupimwa, lakini Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ofisi moja ikasema karatasi zake zimepelekwa upande wa pili, na ofisi ya upande wa pili ikasema haijazipokea. Alianza upya kabisa. Tangu hapo nyumbani kwangu kuna bahasha ya plastiki yenye karatasi halisi na nakala za cheti cha kuzaliwa, kadi zote za kliniki, kila barua iliyogongwa muhuri na majibu yake, na hakuna karatasi halisi inayotoka humo isipokuwa kwa kuonyeshwa na kurudishwa.

Watu wengine wanaojua zaidi ya ofisi ni vyama vyenyewe. Shirikisho lao ni SHIVYAWATA, na ndani yake kuna CHAWATA, chama cha walemavu, CHAVITA cha viziwi, Chama cha Wasioona kinachojulikana kama TLB, ambacho ni cha tangu mwaka 1964, na chama cha watu wenye ualbino, TAS, kilichoanza mwaka 1978. Ukikaa nusu saa na mwenyekiti wa chama wa wilaya utajua ni nani halmashauri husikiliza, fundi yupi anaweza kuchomea baiskeli ya miguu mitatu iliyovunjika ekseli, na ni mwezi gani fomu za mikopo ya halmashauri hutolewa. Kwa bahati mbaya, wazazi wa watoto wenye ulemavu huwa tunasita kujiunga, tukidhani vyama ni vya watu wazima.

Mwisho wa utangulizi huu ni sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi mkoa. Muulizeni mtendaji wenu kamati ya mtaa wenu inakutana lini. Swali lenyewe lina kazi yake, hata pale ambapo kamati haipo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Mtaa unaosema hauna hata mmoja wao ni mtaa ambao watu wamefichwa ndani.

Mama wa Rujewa

Shikamoo baba. Nashukuru kwa uzi huu. Nina mtoto wa kiume wa wiki tatu, amezaliwa nyayo zote mbili zikiwa zimepindia ndani. Mama mkwe anasema tumkande kwa maji ya moto na zitanyooka zenyewe atakapoanza kutembea. Muuguzi wa zahanati ameniambia nisubiri afikishe mwaka mmoja. Naomba kujua lipi ni la kweli.

Baba wa Uyole (mleta uzi)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto. Nakuomba usisubiri. Hali hiyo ya nyayo kupindia ndani huitwa mguu kifundo, nayo hutibiwa vizuri zaidi katika wiki za kwanza za maisha, wakati kano za mtoto bado ni laini. Njia inayotumika duniani kote huitwa Ponseti: mguu hunyooshwa taratibu kwa mkono, ukafungwa plasta kuanzia kwenye vidole hadi juu ya paja, na kila baada ya wiki moja plasta hiyo huondolewa, mguu ukasogezwa kidogo tena na kufungwa upya. Kwa kawaida ni plasta tano hadi saba. Watoto walio wengi hukatwa kidogo kano ya nyuma ya kisigino, jambo dogo lisilohitaji kulazwa kwa muda mrefu. Baada ya hapo ndipo kazi yako hasa inapoanza, nayo ni viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ubao, ambavyo mtoto huvivaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu hadi afikishe miaka 4 hivi. Miguu mingi inayopinda tena hupinda kwa sababu viatu viliachwa mapema, pale mzazi alipoona mguu umenyooka akahisi mtoto anateswa bure.

Mama mkwe usimbishie. Mwambie tu kwamba kukanda kutaendelea hospitalini kwa mikono ya mtaalamu. Omba barua ya rufaa hapo zahanati hata kama muuguzi ana maoni yake. Wakikwambia huduma hiyo haipo katika wilaya yako, uliza Hospitali ya Kanda Mbeya, na CCBRT ya Dar es Salaam nayo inasifika kwa kazi hiyo. Kama unaye ndugu Mbeya mjini, kaa kwake kwa wiki hizo sita au saba, maana kwenda na kurudi Rujewa kila wiki na kichanga ndiko kunakowakatisha wengi tamaa.

Fundi wa Mafinga

Naomba niongeze jambo ambalo mleta uzi hakuligusa, yaani ulemavu unaotokana na kazi. Hapa Mufindi mashine za mbao zimekula vidole vya vijana wengi kuliko tunavyopenda kusema, na mimi mwenyewe niliacha vidole vitatu kwenye msumeno mwaka wa tano wa kazi. Mwajiri alilipia hospitali, akanipa mfuko wa mchele na pole, nikadhani yamekwisha. Ni mwenzangu wa mashamba ya chai aliyenieleza kwamba kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na ulioanza kazi mwaka 2015. Mchango wake hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Hugharamia matibabu, utengemao (yaani kumrudishia majeruhi uwezo wa kujitegemea) na fidia. Aliyepimwa akaonekana ana ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi, na aliye chini ya hapo hulipwa mkupuo.

Angalizo langu ni muda. Taarifa ya ajali inapaswa kutolewa mapema, na ukikaa kimya zaidi ya miezi 12 unajitafutia matatizo makubwa. Mimi nilikuwa katika mwezi wa kumi. Andikeni siku ya ajali, saa, mashine iliyohusika na majina ya waliokuwapo, na mwandike siku hiyohiyo, kwa sababu mashahidi wa viwanda vya mbao huhama kufuata msitu.

Mhudumu wa Gangilonga

Mimi ni kiziwi, naishi Iringa mjini. Nimesoma uzi wote na nina ombi la kwanza: jukwaa hili liache neno "bubu" kila linapomtaja kiziwi. Mtu kiziwi ana lugha, nayo ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na wengi wetu tunaandika Kiswahili kama mnavyoona.

La pili, ofisi nyingi hutuambia "tutakupigia simu." Mkimsindikiza ndugu yenu kiziwi, hakikisheni fomu imeandikwa kwamba mawasiliano yawe kwa ujumbe mfupi. Mimi nilikosa nafasi ya mafunzo kwa sababu simu iliita mara nne mfukoni na hakuna aliyefikiria kuandika.

La tatu ni ajira. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, hapa Iringa kilianzishwa kituo cha Neema Crafts, na kilianza na vijana viziwi watatu waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye kikawa na ufumaji, ushonaji, shanga na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi na mteja huandika anachotaka kwenye karatasi. Nakitaja kwa sababu watu wengi wa mji huu waliona kwa mara ya kwanza mtu kiziwi akipokea mshahara wake mwenyewe pale, na wazazi waliokuwa wamewafungia watoto ndani wakaanza kuwatoa. Kwa wadogo, Njombe kuna shule ya viziwi ya KKKT. Mpelekeni mtoto mapema. Mtoto anayefika darasa la kwanza akiwa na miaka 10 bila lugha yoyote, si ya alama wala ya maandishi, amepoteza miaka ambayo mwalimu hawezi kuirudisha yote.

Mpita Njia wa Tunduma

Nawaheshimu wachangiaji wote, lakini naona tunaeleza mambo kana kwamba yanafanya kazi. Asilimia 2 za mikopo ya halmashauri zinazotengewa watu wenye ulemavu zimewahi kumfikia nani? Katika mji wetu nimeona kikundi cha bodaboda kilichomwandika kijana mmoja anayetembelea magongo kuwa mwenyekiti, fedha zilipotoka wakampa sehemu ndogo na kumwambia asante. Na sheria ya ajira ndiyo usiseme.

Baba wa Uyole (mleta uzi)

Ndugu yangu, uliyoyaona nimeyaona hata mimi, na sitayatetea. Hata hivyo tutenganishe kanuni na wanaoichezea. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo kwa sababu ya malalamiko ya aina hiyohiyo unayoyasema, na mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Kinga ninayoiona ni kwamba kikundi kiundwe na watu wenye ulemavu wenyewe kupitia chama chao, akaunti ya benki iwe na saini za wanachama wenyewe, na mkutano wa kupitisha maombi uwe na muhtasari uliosainiwa. Kijana yule wa magongo angekuwa na saini benki, fedha zisingetoka bila mkono wake. Kabla ya yote muulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii, ambaye ndiye anayesimamia fomu hizo. Afisa Ustawi si mwenye jukumu hilo, ingawa ofisi zao mara nyingi zinatazamana.

Kuhusu ajira, sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Mtu akipiga hesabu, asilimia 3 ya 20 haifiki hata mtu mmoja. Hesabu inafika mtu mmoja kamili pale tu mwajiri anapofikisha wafanyakazi 34. Pengo hilo huwa linatumika, na waajiri wadogo wa mji wetu wanalijua kuliko sisi.

Mwalimu wa Rungwe

Naomba kuongezea upande wa shule, kwa kuwa mleta uzi amejikita kwenye afya. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu ana haki ya mtihani wa maandishi makubwa, asiyeona hupewa wa nukta nundu, na katika mitihani ya Baraza la Mitihani watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Haya hayaji yenyewe. Mwalimu mkuu anapaswa kuyaandika wakati wa usajili wa mtahiniwa, na mzazi akinyamaza hadi wiki ya mtihani, hakuna atakayechapa karatasi nyingine. Kwa wanaokwenda chuo, Bodi ya Mikopo huzingatia ulemavu wa mwombaji au wa mzazi wake, ila fomu lazima ithibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Ianzeni mapema, kwa kuwa mganga huyo husafiri.

Nina neno pia kuhusu ualbino. Hapa kwetu baridi hudanganya. Wazazi wa Tukuyu na Uyole huniambia jua la huku si kali kama la Kyela, kwa hiyo mtoto hahitaji kofia. Mionzi inayounguza ngozi haipimwi kwa joto, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo inavyoongezeka. Mtoto anaweza kutetemeka kwa baridi huku ngozi ikiungua, hata siku ya mawingu. Kofia ya ukingo mpana na nguo ya mikono mirefu ni vya kila siku. Mafuta ya kukinga mionzi yanayotengenezwa Moshi hugawiwa kupitia hospitali na chama chao, na kidonda chochote kisichopona kwa wiki chache kionwe na daktari. Darasani mkalisheni mstari wa mbele, mbali na dirisha linalopiga mwanga machoni.

Fundi wa Mafinga

Mwalimu, na aliyemaliza darasa la saba akataka ufundi aende wapi? Nauliza kwa ajili ya mpwa wangu anayetembea kwa magongo.

Mwalimu wa Rungwe

Chuo kinachojulikana zaidi cha Serikali kwa watu wenye ulemavu ni Yombo, Dar es Salaam. Lakini kwa kijana anayetembea kwa magongo, mikono yake ikiwa mizima, ningeanza na chuo cha ufundi cha VETA cha hapo karibu. Nendeni naye mkaone karakana kwa macho: ngazi ni ngapi, choo kikoje, bweni liko umbali gani, na njia ikoje kipindi cha masika. Mwanafunzi wangu mmoja aliacha fani aliyoipenda kwa sababu choo kilikuwa ng'ambo ya mtaro, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mama wa Rujewa

Baba, nimerudi kutoa mrejesho. Nimepata rufaa, nimekaa kwa dada yangu huko Mwanjelwa, Mbeya mjini, na jana mtoto amefungwa plasta ya kwanza miguu yote miwili. Nilimpata Afisa Ustawi hospitalini, akanisaidia sehemu ya gharama baada ya kuona barua ya mtendaji. Usiku amelia sana. Nauliza, naweza kumwogesha? Na nitajuaje kama plasta imembana?

Baba wa Uyole (mleta uzi)

Umefanya vizuri sana mama. Usimwogeshe kwenye beseni. Mfute kwa kitambaa chenye maji, na plasta isilowe. Usiku wa kwanza wengi hulia, kwa kuwa miguu imezuiwa kurusha. Mara kadhaa kwa siku mtazame vidole: vinatakiwa viwe na joto, na ukibonyeza kucha rangi irudi upesi. Vikivimba, vikiwa vya baridi au vya rangi ya bluu, au vikizama ndani ya plasta hadi usivione, mrudishe hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku, usisubiri siku ya kliniki. Na mkitoka kliniki ijayo, waombe wakuandikie kwenye kadi namba ya plasta, kwamba hii ni ya pili, hii ni ya tatu, ili ukikutana na mtaalamu mwingine asianze kukuuliza upya.